Ndoo ya Maji Chini ya Timazi

Fundi Hangi anapigilia msumari juu ya ukuta,
anafunga uzi, anauachia.
Mwisho wa uzi kuna nati ya lori
iliyookotwa barabara ya Sake, hakumbuki mwaka,
nzito kuliko ahadi zote za wadeni wake.
Nati inakwenda. Inarudi.

Mimi Nsimire, niliyeacha shule katikati ya fizikia
kwa sababu ya minervali ya mihula miwili,
nachanganya sima, nashika ndoo, nahesabu.
Uzi ni mita moja hivi:
kwenda na kurudi, sekunde mbili.
Upana unapungua, kwanza kiganja,
kisha vidole vitatu, kisha ukucha,
na bado ni sekunde mbili.
Siku ya kwanza nilimweleza Hangi ajabu hii.
Akasema, “Lete mawe.”

Nguvu imekwenda wapi? alituuliza mwalimu Bisimwa.
Tukajibu kwa pamoja: imekwisha.
Akapiga meza hadi chaki ikaruka.
Haikwishi! Ni hewa inayosukumwa kando,
ni uzi unaojikunja palepale shingoni mwa msumari,
ni joto dogo ambalo hakuna ngozi ya kulihisi.
Ni kama mama anayeshuka na debe la maharage:
kizuizi cha kwanza bakuli, cha pili bakuli,
cha tatu wanajipimia wenyewe,
na Birere anafika na nusu debe.
Hakuna harage lililopotea, alisema.
Kila moja lina tumbo lake.

Hapa ni Buhene. Chini ya buti zangu,
mita mbili za makoro meusi,
halafu bati, halafu nyumba ya kwanza ya Hangi
na cherehani ya mkewe ikiwa na kitambaa mdomoni.
Tunajenga juu yake Jumamosi tu,
kwa mawe yaleyale yaliyoifukia.
Hayo hatukuyanunua.

Kahindo, mkewe, analala Ndosho kwa dada yake.
Mwanzoni alikuja na kushinda hadi jioni,
akizunguka akisema hapa palikuwa jiko.
Baadaye akawa anaondoka saa sita.
Siku hizi anaweka sufuria, anatazama mlima, anakwenda,
hata kivuli chake hakipati muda wa kukaa.
Lakini Jumamosi hajakosa hata moja.
Mimi ndiye ninayehesabu, nisameheni.

Leo nati ilikuwa imetulia kabisa.
Hangi amefumba jicho moja,
shavu lake karibu na jiwe kama mtu anayenong’onezwa.
Ikaanza tena.
Hakuna aliyeigusa. Majani ya migomba kwa jirani
yalikuwa yamelala.
Kidogo tu, upana wa punje ya mchele,
kwenda, kurudi,
na sisi wawili tukawa hatutazami upande wa kaskazini,
kila mmoja akimngoja mwenzake atazame kwanza.

“Ndoo,” akasema.
Nikaisogeza. Nati ikazama hadi kiunoni.
Maji hula haraka kuliko hewa:
duara moja likakimbilia ukingoni, la pili likachoka,
la tatu sikuliona.
Nikatia mkono ndani kutafuta lile joto.
Yalikuwa baridi, maji ya ziwa,
yaliyopandishwa kwa baiskeli tangu alfajiri.

Uzi ukasimama. Ukuta ulikuwa umekosea
unene wa punje ya hindi.
Hangi akavunja safu tatu bila kutukana,
jambo ambalo si kawaida yake.

Kahindo akafika na sufuria kichwani.
Akaona nati ndani ya ndoo, kutu ikielea.
“Hayo ni maji ya kunywa?”
Hatukujibu.
“Faranga mia tano, Hangi! Unamwosha nani?”

Akageuza bidoni tupu, akaikalia
ili apate kugomba vizuri.
Alikuwa bado anagomba
jua lilipofika upande wa Sake.